RELI YA MJINI

Mtu aondokaye hapa Dunda alfajiri, akitaka kufika Dar es Salaam kabla ya saa mbili asubuhi, huona jambo la kumshangaza. Gari alilopanda laenda mbio katika nchi ya minazi na mashamba, na kwa muda mchache limekwisha maliza sehemu kubwa ya safari. Lakini likaribiapo mji laanza kwenda polepole, kisha lasimama kabisa. Mbele yake liko gari jingine, na mbele ya hilo jingine tena, na nyuma yake yamejipanga mengi kama siafu. Jua lapanda, abiria watoka jasho, wenye kazi watazama saa zao. Hata wafikapo mwisho, waona kwamba zile kilomita chache za ndani ya mji zimekula wakati mwingi kuliko zile nyingi za shamba.

Sababu yake ni nini? Si ubovu wa gari, wala si uvivu wa dereva. Sababu ni kwamba watu wengi wataka kupita njia moja kwa saa moja. Katika mwaka wa 1967 watu wa mji wa Dar es Salaam walihesabiwa, wakawa 272,821. Mwaka wa 2012 watu wa mkoa ule wakawa zaidi ya 4,360,000, na mwaka wa 2022 zaidi ya 5,380,000. Watu huongezeka kwa kuzaliwa na kwa kuhamia, lakini barabara haizai barabara nyingine. Mtu akitaka kuipanua, hana budi kuvunja nyumba za watu kando yake. Na ikiisha kupanuliwa, magari huja mengine yakaijaza tena.

Miji mingine ya dunia ilipatwa na taabu hii kabla yetu, ikatafuta dawa. Dawa moja waliyoiona ni reli ya mjini. Basi katika somo hili tutajifunza reli hiyo ni kitu gani, jinsi ilivyoanza, jinsi ilivyofika katika nchi zetu, na kwa nini mahali pengine hufa baada ya kuzaliwa.

Kwanza tutofautishe reli mbili. Iko reli ya safari ndefu, ambayo huchukua watu na mizigo kutoka mji hata mji, kama ile itokayo Dar es Salaam kwenda Kigoma. Gari lake huenda mchana na usiku, na stesheni zake zi mbali mbali. Reli ya mjini si hivyo. Kazi yake ni kuwachukua watu wa mji mmoja kutoka nyumbani kwao hata kazini, sokoni na shuleni, na kuwarudisha jioni. Stesheni zake zi karibu karibu, safari yake ni fupi, na watu wengi husimama ndani ya mabehewa bila kunung'unika, maana hawakawii kushuka.

Sasa na tufanye hesabu. Tuseme behewa moja la reli ya mjini huchukua watu 100, na kichwa kimoja huvuta mabehewa 6. Basi kwa safari moja watu 600 wamesafiri. Tukiwatia watu hao katika mabasi, kila basi watu 60, yatahitajika mabasi 10. Na kama kila mtu atapanda motokaa yake peke yake, zitahitajika motokaa 600. Kila motokaa ikishika mita 6 tu za barabara, zikipangwa moja nyuma ya moja zitafanya msafara wa mita 3,600, yaani zaidi ya kilomita 3 na nusu! Ndipo tuonapo kwamba barabara haikujazwa na watu, bali imejazwa na vyombo vinavyowachukua.

Je, kichwa kimoja chawezaje kuvuta watu wengi hivyo? Ni kwa sababu ya chuma juu ya chuma. Jaribuni kusukuma baiskeli katika mchanga wa pwani, mtaona jinsi gurudumu linavyozama na mikono inavyochoka. Kisha isukumeni juu ya sakafu ya saruji, nayo itakwenda kwa kidole kimoja. Gurudumu la chuma likipita juu ya reli ya chuma huteleza vizuri kuliko hata hivyo, wala halizami. Lakini faida hii ina hatari ndani yake. Kitu kinachoteleza kwa wepesi hakisimami kwa wepesi. Dereva wa gari la moshi akimwona mtoto juu ya reli, akafunga breki mara moja kwa nguvu zake zote, bado gari litakwenda mbele mwendo mrefu kabla ya kusimama. Wala hawezi kupinda kumkwepa. Kwa hiyo mtu mwenye akili hachezi juu ya reli, wala haivuki mpaka ametazama kuume na kushoto.

Tena iko siri ya pili, nayo ni kubwa kuliko ya kwanza: reli ya mjini hufaa ikiwa na njia yake yenyewe. Ikichangia njia na magari, punda, mikokoteni na watu waendao kwa miguu, basi nayo itakawia kama wao. Jambo hili lilionekana zamani katika pwani yetu wenyewe, kama mtakavyosikia.

Huko Mombasa, tangu miaka ya 1890, zililazwa reli nyembamba katika njia za mji. Juu yake vilipita vigari vidogo vyenye kiti na kitambaa cha kuzuia jua. Havikuvutwa na moshi wala farasi, bali vilisukumwa na watu. Bwana mkubwa alikaa juu kitini, na maskini wenziwe walikimbia nyuma wakisukuma. Ilikuwa ni reli ya mjini kwa kweli, lakini ilikuwa reli ya wachache juu ya migongo ya wengine. Motokaa zilipozidi katika miaka ya 1920, vigari vile vikatoweka, wala sidhani kwamba waliokuwa wakivisukuma walivililia.

Na Unguja nako, katika mwaka wa 1905, lilianza kwenda gari la moshi kutoka mjini, karibu na Ngome Kongwe, hata Bububu, mwendo wa kilomita 11 hivi. Kampuni ya Waamerika ndiyo iliyoijenga reli ile. Watu wa shamba waliipanda kwenda mjini, na watu wa mjini waliipanda kwenda kupunga hewa shamba. Ilikuwa fahari kubwa siku zile. Lakini gari lile lilipita katika njia nyembamba za mji, karibu na milango ya nyumba na maduka, likitoa moshi na cheche. Kisha barabara zikatengenezwa, motokaa zikaja, na abiria wakapungua. Katika miaka ya 1920 reli ile ikaacha kuchukua abiria, na hatimaye ikang'olewa. Leo mtu aendaye Bububu hupanda gari la barabarani, na wengi hawajui kwamba babu zao walikwenda huko kwa gari la moshi.

Sasa na tuvuke bahari twende Uingereza, mahali ambapo reli ya mjini ya chini ya ardhi ilianza. Mji wa London ulikuwa umejaa watu na magari ya farasi, hata njia zikazibana. Wenye shauri wakasema, "Ikiwa juu ya nchi hapana nafasi, na tutafute nafasi chini yake." Basi wakachimba mfereji mpana na wa kina kirefu katika njia za mji, wakajenga kuta mbili za matofali, wakalaza reli chini, kisha wakaufunika mfereji kwa dari imara na kurudisha barabara juu yake. Reli ile ilifunguliwa tarehe 10 Januari 1863, na urefu wake ulikuwa karibu kilomita 6. Siku ya kwanza watu kama 38,000 waliipanda. Lakini lilikuwako jambo moja baya. Gari lile lilikwenda kwa moshi, na mtu akiwasha moto katika nyumba isiyo na madirisha, ninyi mwajua itakavyokuwa. Abiria walikohoa na kufuta macho, lakini waliipanda vivyo hivyo, kwa kuwa waliupenda wepesi wake kuliko walivyouchukia moshi wake.

Baadaye walitaka kupita chini zaidi, hata chini ya mto, mahali ambapo mfereji hauwezi kuchimbwa kutoka juu. Hapo hekima ilikuwa imekwisha patikana, na yasemwa kwamba mwalimu wake alikuwa mdudu. Ninyi watoto wa pwani mmewaona mabaharia wakipandisha jahazi mchangani wakati maji yamekupwa, wakalipaka shahamu na chokaa upande wa chini. Hufanya hivyo kwa kumwogopa mdudu wa bahari atobowaye mbao. Mdudu huyo huchimba kwa kichwa chake kigumu, na kila aendapo mbele hujijengea nyuma yake ukuta wa chokaa, ili tundu lisimfunge. Fundi mkuu mmoja aliyeitwa Marc Brunel alimwangalia mdudu huyo, kisha akatengeneza ngao kubwa ya chuma yenye vyumba. Wachimbaji walisimama vyumbani wakachimba mbele, ngao ikasukumwa, na waashi wakajenga matofali nyuma yake upesi kabla udongo haujaanguka. Kwa njia hiyo walipita chini ya mto Thames. Kazi ilianza mwaka wa 1825, ikafunguliwa mwaka wa 1843. Kwanza ilikuwa njia ya waendao kwa miguu, na kutoka mwaka wa 1869 ikapita magari ya moshi. Basi yule mdudu aliyewatia hasara wenye majahazi aliwafunza wenye reli!

Mwaka wa 1890 London ikafungua reli ya chini sana, na magari yake yakavutwa kwa nguvu ya umeme. Taabu ya moshi ikaisha. Miji mingine ikafuata: Budapest mwaka wa 1896, Paris mwaka wa 1900, New York mwaka wa 1904. Katika Afrika mji wa kwanza kupata reli ya chini ya ardhi ni Cairo katika nchi ya Misri, mwaka wa 1987. Tena mwezi wa Septemba 2015 mji wa Addis Ababa, katika nchi ya Ethiopia, ulifungua reli ya mjini iendayo kwa umeme. Hiyo hupita juu ya nchi, na mahali pengi juu ya madaraja marefu, isikatane na barabara.

Turudi sasa kwetu. Ninyi mkaao Dunda mwajua habari za reli bila kuwa na reli, maana hasara yake iliingia hapa. Zamani Bagamoyo ndipo ilipokuwa mwisho wa njia ya misafara. Wapagazi walikuja kutoka Unyamwezi na nchi za Tanganyika, kila mtu na mzigo wake wa frasila mbili hivi, wakautua hapa. Wadachi, yaani Wajerumani, waliukalia mji huu kama makao makuu yao. Lakini maji ya pwani yetu ni machache, na meli kubwa hutia nanga mbali. Mwaka wa 1891 makao makuu yakahamia Dar es Salaam, kwenye bandari yenye kina na iliyokingwa na upepo. Mwaka wa 1905 reli ya kati ikaanza kujengwa kutoka huko. Ikafika Morogoro mwaka wa 1907, Tabora mwaka wa 1912, na Kigoma mwaka wa 1914. Mzigo uliochukuliwa miezi kwa kichwa ukawa wachukuliwa siku chache kwa reli. Misafara ikakoma, na biashara ya Bagamoyo ikapungua, ingawa hapana aliyeubomoa mji. Tokea hapo twajifunza kwamba reli huamsha mahali ipitapo, na mahali isipopita hupaacha palale. Na kama ndivyo ilivyo kwa miji, ndivyo ilivyo kwa mitaa ndani ya mji. Wanaoamua stesheni itakaa wapi wanaamua vilevile ni mama gani atakayefika nyumbani na mapema, apate kuwapikia watoto wake, na ni nani atakayefika usiku.

Miaka mia moja na zaidi ikapita, na Dar es Salaam yenyewe ikawa imejaa. Ndipo tarehe 29 Oktoba 2012 magari ya reli yalipoanza kuwachukua watu wa mji asubuhi na jioni. Watu waliyaita "treni ya Mwakyembe," kwa jina la Harrison Mwakyembe, aliyekuwa waziri wa uchukuzi wakati ule. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilitoka Stesheni, katikati ya mji, hata Ubungo Maziwa, juu ya reli ya kati. Ya pili ilitoka stesheni ya TAZARA hata Mwakanga, juu ya reli iendayo Zambia, iliyojengwa kati ya mwaka wa 1970 na 1975. Baadaye reli ya kati ilichukua watu hata Pugu.

Angalieni vema jambo hili. Hazikujengwa reli mpya kwa kazi ile. Zilitwaliwa reli za safari ndefu, zikapewa kazi ya pili. Huo ulikuwa ubusara, maana mwenye njaa hangoji sahani mpya. Lakini ulikuwa na mipaka yake, nayo ni mitatu.

Mpaka wa kwanza ni wa njia moja. Mkipita juu ya tuta jembamba katika mashamba ya mpunga huko Ruvu, mkakutana na mtu ajaye, hamna budi mmoja asimame kando. Ndivyo yalivyo magari mawili juu ya reli moja: sharti moja lingoje mahali palipo na njia ya kupishana. Tena sheria ya reli ni kwamba magari mawili hayawi katika kipande kimoja cha njia kwa wakati mmoja, yasije yakagongana. Kwa hiyo safari haziwezi kuwa nyingi. Reli ya mjini iliyo kamili ina njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi.

Mpaka wa pili ni wa kukatana na barabara. Kila mahali reli ikatapo barabara, gari la reli hupunguza mwendo na kupiga honi, nayo magari ya barabarani husimama. Hivyo dawa ya msongamano hufanya msongamano mdogo wa pili.

Mpaka wa tatu ni wa upana. Katika reli ya kati, kutoka chuma hata chuma ni mita 1. Katika reli ya TAZARA ni mita 1 na milimita 67. Tofauti yake haizidi upana wa vidole vinne vya mtu mzima, lakini yatosha kulizuia gari la njia moja lisipite juu ya njia ya pili. Abiria atakaye kutoka upande huu hata upande ule hana budi kushuka. Jambo dogo likiachwa tangu mwanzo huwa kizuizi kikubwa mwishoni.

Pamoja na mipaka hiyo, watu walizipenda treni zile, wakazijaza. Mfanyakazi na mwanafunzi walijua kwamba gari likiisha ondoka halisimamishwi na foleni. Na ile siri ya njia yake yenyewe imezidi kufahamika. Mwaka wa 2016 yalianza mabasi ya mwendo kasi kutoka Kimara hata Kivukoni, yenye barabara yao katikati ya barabara. Na mwaka wa 2024 treni ya umeme ilianza kwenda Morogoro, kisha Dodoma. Hiyo ni ya safari ndefu, lakini ndani ya mji hupita juu ya daraja refu, na magari ya barabarani hupita chini yake bila kungojeana.

Neno la mwisho ni la utunzaji. Mmesikia habari za Addis Ababa. Mji ule ulinunua treni 41 mpya, lakini haikupita miaka mingi nyingi zikalala, kwa kukosa vipuri na matengenezo. Reli ya Bububu nayo haikuuawa na adui, iliachwa tu. Kujenga ni sikukuu, watu huja wakapiga makofi. Kutunza ni kazi ya kila siku, na hapana ampigiaye makofi mtu atiaye mafuta katika gurudumu. Lakini mtu huyo ndiye aichukuaye reli. Pamoja naye yuko abiria alipaye nauli yake bila kujificha, na kijana asiyeng'oa misumari ya mataruma akaiuze kuwa chuma chakavu.

Pengine kati yenu mko mtakaokuwa mafundi, na wengine mtakaa katika mabaraza yaamuayo njia ipite wapi. Siku hiyo ikifika, kumbukeni jahazi lililopakwa shahamu, kumbukeni Bagamoyo iliyoachwa kando, na kumbukeni yule msukumaji wa Mombasa aliyekimbia nyuma ya kiti cha mwingine. Reli ya mjini iliyo njema ni ile ambayo maskini na tajiri wakaa ndani yake pamoja, na wote wawili wafika kwa saa yao.

MASWALI

1. Kwa nini kupanua barabara peke yake hakumalizi msongamano wa magari?
2. Reli ya mjini na reli ya safari ndefu zatofautianaje?
3. Marc Brunel alijifunza nini kwa mdudu atobowaye majahazi?
4. Taja mipaka mitatu ya treni zilizoanza Dar es Salaam mwaka wa 2012, na ueleze kila mmoja.
5. Behewa moja likichukua watu 120, na kichwa kikavuta mabehewa 8, yatahitajika mabasi mangapi ya watu 60 kuwachukua watu hao wote?